TUSITUPE MASHINE TUSIZOZIJUA

Yapo maneno yanayosemwa kila siku katika ofisi zetu ambayo sisi hatuwezi kuyaacha yapite bila kuyajibu. Husemwa kwamba kazi haikwenda kwa sababu kompyuta imezeeka. Barua ya Tawi haikupigwa chapa, hesabu za mwezi hazikufungwa, orodha ya wanachama haikukamilika, na sababu inayotolewa ni moja tu: mashine ni nzito, imechoka, yafaa itupwe. Karani humwambia Katibu, Katibu hulipeleka jambo kikaoni, na mwisho wa safari hiyo Mweka Hazina hutakiwa atoe fedha za wanachama zikanunue mashine mpya. Ile ya zamani husukumwa stoo, ikafunikwa gunia, na habari zake zikaishia hapo.

Sisi hatusemi kwamba mashine haizeeki. Kila chombo kina umri wake. Lakini twauliza swali moja, na twaomba kila kiongozi alijibu kwa moyo mweupe: kabla ya fedha hizo kutolewa, ni nani aliyeichunguza mashine hiyo? Ni nani aliyeuliza ina kumbukumbu kiasi gani, diski yake imejaa kiasi gani, na ni programu ngapi zinazoila pasipo kuitumikia? Katika ofisi nyingi jibu ni kwamba hakuna. Mashine imehukumiwa bila kusikilizwa, na hukumu iliyotolewa bila ushahidi, iwe juu ya mtu au juu ya chombo, huleta hasara.

Hasara hiyo hailipwi na karani wala Katibu. Hulipwa na mkulima aliyetoka kijijini alfajiri kufuata malipo ya pamba au korosho zake katika chama chake cha ushirika, akakaa juu ya benchi hadi adhuhuri huku karani akikikodolea macho kioo cha kompyuta kisichosogea. Mkulima huyo hajui ramu wala hajui diski. Yeye ajua kwamba siku yake ya palizi imepotea. Hulipwa tena na mfanya kazi anayekatwa ada kila mwezi, akitumaini kwamba ada hiyo inajenga, kumbe inanunua chombo kipya ambacho, kisipotunzwa, nacho kitakuwa kizito kama kile cha kwanza. Kwa hiyo jambo hili si la mafundi peke yao. Ni jambo la fedha za umma, na twataka lizungumzwe kwa lugha ambayo kila mwanachama ataielewa.

Natuanze na mashine yenyewe. Fikirini ofisi ya chama cha ushirika yenye karani mmoja, meza moja, ghala moja lililo ng'ambo ya uwanja, na tarishi mmoja. Karatasi anazozishughulikia karani sasa hivi ziko juu ya meza, na mkono wake wazifikia mara moja. Karatasi nyingine zote, za mwaka huu na za miaka iliyopita, ziko ghalani. Meza ile ndiyo kumbukumbu ya kazi, ambayo mafundi huiita ramu. Ni ya haraka sana, lakini ni ndogo, na umeme ukikatika yote yaliyokuwa juu yake hupotea. Ghala lile ndilo diski. Ni kubwa, nalo huvitunza vitu vyake hata mashine ikizimwa, lakini kulifikia ni safari.

Kazi ikizidi, meza hujaa. Karani afanyeje? Hawezi kuikataa kazi. Basi humwita tarishi, akampa karatasi ambazo hazijatazamwa kwa muda, akamwambia azipeleke katika kona moja ya ghala iliyotengwa kwa ajili hiyo, mpaka zitakapohitajiwa tena. Meza hupata nafasi, kazi huendelea, na mtu aliye nje ya dirisha hudhani kwamba karani ana meza kubwa kuliko ile aliyo nayo. Hiyo ndiyo kumbukumbu pepe: meza iliyoazimwa kutoka ghalani. Karatasi zinazopelekwa na kurudishwa huitwa kurasa, na katika kompyuta nyingi zilizomo maofisini mwetu kila ukurasa ni baiti 4,096. Katika mfumo wa Windows kona ile ya ghala ni faili moja lililofichwa, jina lake pagefile.sys. Katika mfumo wa Linux huwa ni faili la namna hiyo, au sehemu ya diski iliyotengwa kabisa.

Ufundi huu ulizaliwa na uhaba. Mwaka 1956 Mjerumani Fritz-Rudolf Güntsch alieleza wazo hili katika tasnifu yake ya udaktari huko Berlin. Kisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, wakiongozwa na Tom Kilburn na wakishirikiana na kampuni ya Ferranti, waliunda mashine iliyoitwa Atlas. Mashine hiyo ilizinduliwa rasmi tarehe 7 Desemba, 1962, siku mbili kabla ya Tanganyika kuwa Jamhuri. Kumbukumbu yake ya haraka ilikuwa na nafasi 16,384 tu za kuwekea tarakimu zake, kwa kuwa kumbukumbu ya namna hiyo ilikuwa ghali mno. Ngoma yake ya sumaku, iliyokuwa ya polepole lakini nafuu, ilikuwa na nafasi 98,304. Wataalamu wale wangeweza kukaa wakingojea fedha za kumbukumbu kubwa zaidi. Hawakukaa. Walitunga utaratibu ambao mashine yenyewe ilizihamisha kurasa kati ya kumbukumbu na ngoma, hata mtunga programu akaiona kana kwamba ni kumbukumbu moja kubwa.

Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Wako ndugu zetu wanaoona aibu kukaa mbele ya kompyuta yenye ramu ya gigabaiti 2, wakidhani kwamba kubana matumizi ni dalili ya unyonge. Nawajue kwamba ufundi unaotumika hata katika mashine kubwa kabisa za leo uliletwa na watu waliobana matumizi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba anayeifanya fedha kuwa silaha yake ya kwanza ameshindwa kabla ya kuanza. Somo hilo halikuwa la mashamba peke yake.

Lakini kila mkopo una malipo yake. Wazee wetu walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Ramu hutoa habari kwa muda ambao ni kama sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya kuzunguka, ile ya sahani na mkono, huhitaji kama sehemu moja ya mia ya sekunde mpaka mkono ufike mahali pake. Tofauti yao ni kama mara 100,000. Ili kuliona jambo hili kwa kipimo cha mwanadamu, tuseme kwamba karani huchukua sekunde moja kuiokota karatasi iliyo juu ya meza. Kwa kipimo hicho hicho, tarishi aliyetumwa ghalani atarudi baada ya karibu saa 28. Hayo ndiyo malipo ya meza ya kuazima.

Akitumwa mara chache, hakuna atakayeona tofauti. Lakini meza ikiwa ndogo mno kuliko karatasi zinazohitajiwa kwa wakati mmoja, tarishi huileta hii na papo hapo hutumwa airudishe, ailete ile. Hashindi hata dakika moja amekaa. Taa ya diski huwaka bila kupumzika, mshale hauendi, na karani aliyekwisha kasirika hubonyeza tena na tena, akiongeza maagizo juu ya maagizo. Mwaka 1968 Mmarekani Peter Denning aliieleza hali hii kwa ufasaha. Alionyesha kwamba kila programu ina kundi la kurasa inazozihitaji kweli kwa wakati fulani. Makundi hayo yakikosa kuenea katika ramu, mashine huacha kazi yake na kushinda ikihamisha kurasa.

Hapo ndipo penye kosa ambalo wengi wetu hulifanya. Mtu husikia kwamba kumbukumbu pepe yaweza kuongezwa bila senti moja, akaongeza ukubwa wa faili lile la kurasa, kisha akashangaa kwamba mashine haikwenda mbio. Itakwendaje mbio? Ameipanua kona ya ghala; meza ni ile ile na tarishi ni yule yule. Kona kubwa huzuia programu zisife kwa kukosa mahali pa kuwekwa, na hilo ni jema. Lakini mwendo haupatikani humo. Mwendo hupatikana kwa kupunguza karatasi juu ya meza, au kwa kuipanua meza yenyewe.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Diski imejaa, mtu analiona faili kubwa la kurasa, naye analiondoa ili apate nafasi. Kwa siku mbili atafurahi. Siku ya tatu, atakapofungua daftari kubwa la hesabu pamoja na barua na intaneti, mashine itamwambia kwamba kumbukumbu imekwisha, na programu itafungwa ikiwa na kazi ambayo haijahifadhiwa. Ndiyo maana twasema kwamba jambo la kumbukumbu na jambo la diski ni jambo moja. Kona ya kuazima imo ghalani. Ghala likijaa hadi mlangoni, faili la kurasa halina mahali pa kukua, mafaili ya muda hayana mahali pa kuandikwa, na kila faili jipya hukatwa vipande vipande na kutiwa katika mianya iliyobaki, hata mkono wa diski ukawa na safari kumi badala ya moja.

Basi lifanywe nini? Twashauri utaratibu ufuatao, ambao hauhitaji shahada wala kibali cha kikao.

Kwanza, pimeni. Katika Windows bonyezeni kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, nanyi mtaoneshwa ni programu zipi zinazofanya kazi na kila moja inakula kumbukumbu kiasi gani. Itazameni diski vile vile, mjue imebakiwa na nafasi gani. Andikeni hesabu hizo katika daftari pamoja na tarehe. Bila hesabu, maneno yote juu ya uzito wa mashine ni porojo.

Pili, safisheni meza. Ziko programu zinazojiamsha zenyewe kila mashine inapowashwa, nyingine hazijaguliwa na yeyote ofisini tangu siku zilipowekwa. Zizuieni zisijiamshe. Ziko ofisi zenye programu mbili za kuzuia virusi, kila moja ikiipeleleza nyingine kama walinzi wawili wasioaminiana. Bakini na moja. Na intaneti itumiwe kwa adabu, kwa maana kila ukurasa unaoachwa wazi katika kivinjari hukaa juu ya meza hata kama hakuna anayeusoma.

Tatu, safisheni ghala. Anzeni na kapu la takataka, ambalo wengi husahau kwamba takataka zake bado zimo ghalani mpaka limwagwe. Fuateni mafaili ya muda, mkitumia programu ya usafi iliyomo ndani ya Windows yenyewe, iitwayo Disk Cleanup katika matoleo ya zamani. Ondoeni programu zisizotumika kwa njia yake halali. Msiingie katika folda za mfumo mkafuta kwa mkono msichokijua. Atakayeng'oa nguzo kwa kuwa imechukua nafasi ataiangusha nyumba. Shabaha iwe kuacha wazi asilimia 15 ya diski au zaidi. Ikiwa diski ni ya kuzunguka, baada ya usafi huo ipangeni upya, ili vipande vya mafaili vikae pamoja.

Nne, liacheni faili la kurasa chini ya usimamizi wa mfumo wenyewe, madhali nafasi ipo. Kanuni ya zamani ya kulifanya liwe mara moja na nusu ya ramu ilifaa katika siku zake, nayo haimdhuru mwenye mashine ya siku hizo. Kama kompyuta ina diski mbili zilizo mbalimbali, faili hilo lawezwa kuwekwa katika ile isiyo na kazi nyingi, na nafuu itaonekana. Lakini kulihamisha kutoka sehemu moja ya diski hadi sehemu nyingine ya diski ile ile ni kumhamisha tarishi chumba tu. Uwanja anaouvuka hautafupika.

Tano, hayo yakiisha na uzito ukabaki, ndipo fedha itolewe, tena kidogo kidogo na kwa akili. Kijiti kimoja cha ramu huipanua meza. Diski isiyo na sahani inayozunguka humpa tarishi baiskeli. Mashine yenye moyo mzima iliyofanyiwa mambo hayo mawili mara nyingi hurudi kazini kama kijana. Hapa pia tahadhari yahitajiwa: mfumo wa Windows wa biti 32 hauwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za ramu, na kwa kawaida hutumia pungufu ya hizo. Mweka Hazina atakayenunua gigabaiti 8 na kuzitia katika mashine yenye mfumo huo amenunua meza ambayo haipiti mlangoni.

Baada ya kuwaelekeza wengine, haki yatutaka tujikosoe wenyewe. Katika chumba chetu cha habari ipo kompyuta yenye ramu ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 160, ambayo kila mmoja wetu aliilaani. Siku moja ilikataa kabisa kuhifadhi ukurasa uliokuwa ukingojewa mtamboni. Katika haraka ile mmoja wetu alitafuta kitu cha kufuta, akaona folda iliyoandikwa "Zamani", akaifuta na kapu akalimwaga. Gazeti lilitoka. Asubuhi yake ndipo tulipokumbuka kwamba folda ile ilikuwa na picha za mikutano ya matawi na barua za wasomaji wetu za miaka mingi, na nakala nyingine haikuwapo popote. Tulipoketi baadaye tukaipekua diski kwa utulivu, tulikuta kilichoijaza: video za harusi, michezo ya mpira, na ripoti moja iliyohifadhiwa mara tano, ya tano ikiitwa "ya mwisho kabisa". Tulifuta historia tukaacha harusi. Kosa lilikuwa letu sote, wala hatukumsingizia mashine.

Kwa ajili hiyo twatia mkazo juu ya sharti moja lisilo na msamaha: hakuna kufuta kabla ya kunakili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari limo ndani ya diski. Orodha za wanachama, hati za mapokezi, mihutasari ya vikao, hesabu za wakulima, vyote hivyo viwe na nakala katika diski nyingine iliyofungiwa mahali pengine, na jina la mtu anayewajibika kwa nakala hiyo liandikwe. Usafi ni kumtenga mwenye haki ya kukaa na asiye na haki. Anayefuta ovyo hasafishi, anaharibu.

Tuwaonye tena wanachama juu ya kupe wanaoishi kwa ujinga wetu. Wapo wanaokuja ofisini na programu za miujiza, wakiahidi kuongeza kumbukumbu kwa kubonyeza mara moja. Mchezo huu si mpya. Mwaka 1995 huko Marekani iliuzwa kwa wingi programu iliyoitwa SoftRAM95, ikidaiwa kwamba yaizidisha kumbukumbu ya kompyuta mara mbili. Wataalamu walipoichambua waligundua kwamba haikufanya ilichoahidi, na mwaka 1996 Tume ya Serikali ya Marekani inayosimamia haki katika biashara iliichukulia hatua kampuni iliyoiuza. Ikiwa watu wa nchi yenye mafundi wengi namna ile waliuziwa hewa, sisi tunaweza kuuziwa hata leo, na tunauziwa. Hakuna programu inayoweza kugeuza gigabaiti 2 za ramu kuwa 4. Anayesema hivyo ama hajui ama anaiba.

Hata hivyo, hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwamba kila mashine yaweza kuokolewa kwa ufagio. Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa kwa watu wote marekebisho ya bure ya usalama kwa mfumo wa Windows 10, kama ilivyokoma kwa Windows 7 tarehe 14 Januari, 2020. Mfumo wake mpya, Windows 11, hudai ramu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 na chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zinakataliwa mlangoni kwa kukosa sharti hilo la mwisho. Kompyuta isiyopata marekebisho haifai kushikishwa fedha za watu kwa njia ya intaneti. Hilo twalisema waziwazi. Lakini hata hapo njia ya jalalani si njia pekee. Mashine hiyo yaweza kutengwa na mtandao ikabaki kupiga chapa na kufundishia. Yaweza pia kuwekewa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland na kuendelezwa na watu wa mataifa mengi kwa ushirika, ambao huchukuliwa bila malipo na una matoleo mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za namna hii. Yule asiyejaribu hana haki ya kusema kwamba haiwezekani.

Tukumbuke pia kinachotokea baada ya kutupa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kushughulikiwa kwa utaratibu unaofahamika. Baadhi ya zilizobaki huishia majalalani, mahali ambapo watoto wa makabwela huchoma nyaya ili wapate shaba, wakivuta moshi wenye sumu. Kompyuta inayoongezewa miaka 4 ya kazi ni kompyuta ambayo kwa miaka 4 haimdhuru mtoto wa mtu.

Yote haya yanaturudisha kwenye elimu. Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kufika mwaka 1974 Serikali iliona ni lazima kuzuia uingizaji wa kompyuta kutoka nchi za nje. Wako wanaoicheka amri ile leo. Sisi twaona kwamba ndani yake limo onyo linalofaa hata sasa: chombo kinachonunuliwa na watu wasioweza kukitawala huwatawala wao, na kila kikikwama hupeleka fedha yao kwa mgeni. Zuio limekwisha zamani, na ni vema limekwisha. Lakini onyo limebaki, na kila stoo yenye kompyuta iliyofunikwa gunia ni ushahidi wake.

Kwa hiyo twatoa rai hii kwa viongozi wa matawi, wa vyama vya wafanya kazi na wa vyama vya ushirika. Maarifa tuliyoyaeleza yasibaki kichwani mwa fundi mmoja anayeitwa kutoka mjini kwa malipo. Kila ofisi imchague mfanya kazi mmoja ajifunze, kisha awafundishe wenziwe, kuanzia mhudumu hadi Katibu. Itengwe siku moja kila mwezi ya kupima, kunakili na kusafisha, kama vile tulivyo na siku ya kufyeka nyasi uwanjani. Na pasitolewe fedha ya kununua mashine mpya mpaka kikao kimeoneshwa daftari lenye vipimo vya ile ya zamani, pamoja na maelezo ya yale yaliyofanywa ili kuiokoa. Mweka Hazina atakayelidai daftari hilo asiitwe mkorofi. Huyo analinda jasho la watu.

Tunajua kwamba watakuwapo watakaosema jambo hili ni dogo mno kwa ukurasa wetu wa maoni. Mkulima aliyekaa juu ya benchi hadi adhuhuri hatakubaliana nao. Kwake yeye, ofisi nzima ya ushirika, pamoja na bendera yake na muhuri wake, ni yule karani na ile mashine. Mashine ikikwama kwa sababu imejaa video za harusi, chama ndicho kilichokwama mbele yake. Kesho asubuhi, kabla ya kuandika ombi la kompyuta mpya, kila karani na aiondoe gunia ile ya zamani, aiwashe, na aitazame diski yake.